Darubini Niliyomchagulia Mzee Mgaza

Vijana wawili walikuja hapa kwangu Mikumi wiki iliyopita. Mmoja amepata leseni ya kuwinda, ile ya wenyeji, na ana bunduki aliyorithi kwa baba yake pamoja na karatasi zake zote. Mwingine ana simu tu. Wakanipa shikamoo, nikaitikia, kisha mwenye simu akanisogezea kioo puani.

"Babu, hebu icheki hii darubini. Inavuta mara ishirini na nne! Swala akiwa kule mlimani unahesabu kope zake."

"Ukishazihesabu, unazifanyia nini?"

Mwenzake alicheka mpaka akashika goti. Mwenye simu hakucheka. Alitaka jibu, na mimi mtu anayetaka jibu nampenda. Nikamwambia nitamwandikia, kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na sehemu yake moja sijawahi kuieleza sawasawa. Basi hili hapa. Someni ninyi na wenzenu mnaoanza.

Kwanza mjue anayewaambia ni nani. Mimi si mwindaji bingwa. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu miguu ilikuwa inaniwasha kwa hamu ya kuzurura. Nimekata mkonge, nimekuwa utingo wa malori pale Dumila, nimeziba pancha za baiskeli Kilosa, nimepika kwenye kambi za wawindaji huku nje ya hifadhi. Kambini ndiko nilikoanza kusafisha bunduki, na kila bunduki iliyopita mkononi mwangu niliiuliza maswali. Siku moja mgeni alinipa darubini iliyokufa. Niliifungua juu ya gunia, nikatoa vioo vyake vyote, nikavipanga kwenye mstari, nikashindwa kuvirudisha. Hiyo ndiyo sekondari yangu.

Kwa hiyo ninayoyajua nimeyaona. Nimeona mgeni mmoja, mtu mzima na ndevu zake, akisukuma jicho mpaka karibu kugusa kioo ili aone vizuri. Bunduki iliporudi nyuma ilimkata juu ya nyusi kipande cha duara safi kama aliyepigwa muhuri. Msimu mzima wapishi walimwita Bwana Posta. Darubini ina umbali wake wa jicho. Kabla hujanunua, funga macho, iweke bunduki begani kama kawaida yako, kisha fumbua. Ukiona duara lote limejaa mwanga, hiyo ni yako. Ukilazimika kunyoosha shingo kama kobe, irudishe kwenye boksi.

Nimeona pia darubini zenye kioo kikubwa kama sahani ya chai zikiwekwa kwenye bunduki nyepesi, bunduki ikawa nzito juu, inapinduka mkononi kama mtoto asiyetaka kubebwa. Na nimeona nyingine zikijaa ukungu ndani baada ya mvua moja tu. Ukitaka kujua, itie kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, uitazame. Ikitoa mapovu, inavuja. Muuzaji akikukatalia kufanya hivyo, ameshakujibu.

Lakini hayo yote ni ya dukani. Ninayotaka kuwaambia ni ya Tindiga.

Mzee Mgaza alikuwa mwindaji wa Chanzuru aliyeitwa na wilaya kila mnyama mkali alipoingia mashambani. Mtu mfupi, mkimya, kanzu yake ya Ijumaa nyeupe kuliko meno yangu. Alikuwa na bunduki moja kubwa ya nyati, yenye umri wa kunizidi mimi. Ndiye aliyenifundisha kufuata damu. Damu nyepesi yenye povu ni ya mapafu, mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi yenye chembe za majani ni ya tumbo, na hapo ndipo mtu anapokumbuka sala zake.

Mwaka huo macho yake yalianza kumgeuka. Mbali aliona kama mwewe, karibu hakuona kitu. Kile kijino cha kulengea kilichoko mwisho wa mtutu alikiona kama viwili, siku nyingine viwili na nusu, kama alivyosema mwenyewe. Akaniambia, "Fundi, nitafutie darubini. Macho yako mazuri, chagua wewe."

Mnaona alivyoniamini? Hakuuliza hata mara mbili.

Nilikuwa nazo mbili, zote za wageni walioniachia. Moja fupi, nene, mbaya kwa sura, haivuti karibu kitu. Ukitazama ndani unaona dunia ilivyo, na msalaba katikati. Nyingine ndefu, nyeusi, inang'aa. Kwa ile ndefu nilisimama ng'ambo moja ya mto Mkondoa nikasoma maandishi kwenye gunia la mbolea lililokuwa ng'ambo ya pili. Nikasoma mpaka kilo. Nilifurahi kama mtoto, na ndiyo niliyoichagua.

Tatizo, pete za kwenye bunduki ya Mzee, zile za chuma zinazoshika darubini, zilikuwa pana. Ile fupi ilikaa humo kama kidole kwenye pete ya ndoa. Ile ndefu ilicheza. Basi mimi nikafanya ambacho fundi yeyote wa Kilosa angefanya. Sisi huku mpira wa ndani wa baiskeli ndio dawa ya kila kitu. Jembe likilegea, mpira. Bomba likivuja, mpira. Mlango, redio, mguu wa kitanda, mpira. Nikakata vipande viwili, nikavizungushia darubini, nikakaza skrubu mpaka zikalia. Ikashika! Huwezi kuitikisa hata kwa meno.

Alfajiri tukaijaribu Chanzuru, kwenye kichuguu. Risasi tatu, matundu matatu, yote unayafunika kwa kiganja. Mzee akanitazama, akasema, "Mashallah." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Sikumwambia habari ya mpira. Sikuificha, mnielewe. Niliona tu si jambo la kusemwa, kama mpishi asivyotaja chumvi.

Hazikupita wiki mbili, simu ikatoka Tindiga. Nyati dume, yuko peke yake, amempiga mtu pembe ya paja na sasa analala kwenye matete katikati ya mashamba ya mpunga. Mpunga umeiva, ndege wanaumaliza, watu wanaogopa kuingia. Wilaya ikatoa kibali. Tukapanda bodaboda mbili, Mzee mbele na bunduki yake mgongoni. Barabara ile mnaijua. Bunduki ilipigwa na mashimo njia nzima, na jua lilipopanda ule mtutu ulikuwa haugusiki.

Kanuni ambayo leo naifahamu: bunduki ikisafiri, ijaribu tena ufikapo. Risasi moja tu. Tuliogopa mlio usimwondoshe nyati, hatukujaribu.

Alitupokea Masanja, mfugaji mwenye asili ya Shinyanga aliyehamia huko na ng'ombe wake. Alikuwa na mkuki na mbwa watatu waliokonda. "Shikamoo Mzee. Yuko pale pale. Ng'ombe wangu wamekataa kunywa tangu jana."

Tulimwona saa tano. Alitoka kwenye matete kidogo, akasimama ubavu, hatua kama themanini. Mzee akaegemeza bunduki kwenye uma wa miti, akavuta pumzi. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake nikisubiri aanguke.

Hakuanguka. Alikunja mgongo, akapiga teke nyuma, akageuka na kuzama kwenye matete. Kila anayejua kazi hii anajua maana ya ule mgongo uliokunjwa.

"Tumbo," Mzee akasema polepole. "Nililenga bega. Nimeona bega kabisa." Akatoa kitambaa akafuta macho. "Basi. Yamekwisha."

Hapo ndipo nilipoitazama bunduki. Kwenye pete ya nyuma kipande cha mpira kilikuwa kimechomoza, kimejitokeza nje kama ulimi. Nilikikata mimi sawasawa na pete, kwa wembe, hakikubaki hata uzi. Sasa kilikuwa kimetoka nje kwa upana wa kucha. Jua lilikilainisha, barabara ikakitikisa, darubini imeegemea upande. Macho ya Mzee hayakuwa na kosa lolote.

Mnajua nilifanya nini? Nilikisukuma ndani kwa kidole gumba. Hakuna aliyeniona.

Tungeweza kungoja. Nyati aliyejeruhiwa tumboni unamwacha akae, akakamae, hata nusu siku, ndipo umfuate. Lakini simu ya Masanja ikalia. Alikuwa Mama Zuhura, mwenye shamba la ng'ambo ya matete, na sauti yake haikuhitaji simu.

"Nyie mmepiga nini? Mbona anahema huku kwetu?"

Masanja akaishika simu kwa mikono miwili. "Mama, uko wapi? Si tulisema leo mtu asiingie shambani?"

"Nyie mlisema, ndege hawakusikia! Tuko juu ya dungu. Watano, na mtoto wa Asha mgongoni."

Dungu ni kile kichanja cha miti anachokalia mtu mmoja kuwinga ndege. Kimetengenezwa kwa ajili ya msichana mwembamba na manati. Tukasikia kwenye simu miti ikilalamika, na mwanamke mwingine akisema, "Usijigeuze, Mama Zuhura, wewe ndiye unayetuangusha," na yeye akijibu, "Nyamaza, wewe na makalio yako."

Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini. "Mwambieni Mzee mguu mmoja wa dungu umeanza kupasuka. Na huyu mnyama yuko hapa chini kwenye matete, nayaona yanatikisika. Tukianguka tunaanguka mbele yake."

Masanja akashika mkuki. "Naingia na mbwa."

"Huingii," Mzee akasema. "Aliyejeruhi ndiye anayeingia. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo itakavyokuwa." Akaingiza risasi, akainua bunduki, akatazama kupitia darubini kuelekea kwenye matete, akashusha. Mtu aliyeamini macho yake yamekufa alikuwa anaingia kwa nyati, na tumaini lake pekee ni darubini yangu.

Vijana, nimewahi kulala na simba wakinguruma nyuma ya hema. Sijawahi kuogopa kama wakati ule, na sikumwogopa nyati. Nilikuwa nafanya hesabu. Nikinyamaza, huenda asihitaji kulenga mbali, huenda akapata, na mimi nitabaki fundi. Nikisema, nimekwisha Kilosa nzima. Hesabu hiyo niliifanya kwa hatua nne. Hatua ya tano nikamshika mkono.

"Mzee. Si macho."

"Nini?"

"Macho yako mazima. Nilitia mpira. Pete zilikuwa pana, nikatia mpira wa baiskeli. Umelainika. Ona." Nikauvuta nje kwa ukucha ule ulimi mweusi.

Aliona. Akaugusa kwa kidole. Sikuzoea kumwona na hasira, kwa hiyo sikuitambua ilipokuja. Ilikuja kama utulivu.

"Basi aliyejeruhi ni nani?" akauliza.

Nikasema, "Ni mimi."

"Toa hilo dude. Haraka."

Nilikuwa na funguo mfukoni. Skrubu moja iliniponyoka, ikadondoka kwenye maji ya mpunga. Nikainama kuitafuta. "Iache," akasema. "Kata." Nikakata mpira kwa kisu, nikaichomoa darubini, nikaitupa kwenye nyasi. Mwisho wa mtutu kilikuwepo kile kijino cha zamani, kimejaa vumbi. Akakipuliza.

"Karibu sioni. Nitaona viwili. Lakini hatua kumi mtu halengi, anaelekeza kama anavyoelekeza kidole. Wewe utatangulia. Utakuwa macho yangu ya karibu. Ukimwona usiniambie, usinionyeshe. Lala chini. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Ukikimbia, utaniacha mimi peke yangu mbele yake."

Tukaingia. Ndani ya matete hakuna upepo. Maji yalikuwa ya magotini, vuguvugu. Niliiona damu kwenye majani, nyeusi, na ndani yake vile vichembe. Kila nilipopita niliyagusa matete kwa vidole ili Mzee asikie damu nimeiona wapi. Nyuma yangu mtutu ulikuwa juu ya bega langu la kushoto, ukinigusa shingo kila nilipopunguza mwendo. Kwa mbali tulisikia dungu likilia, kwi, kwi, na mtoto wa Asha akianza kunung'unika, na mama yake akimwimbia kwa sauti isiyo na pumzi.

Kisha damu ikakatika. Mbele yangu matete yalikuwa yamesimama wima, hayajaguswa na kitu. Nilisimama. Nyati aliyejeruhiwa hapotei. Anazunguka, anarudi kando ya njia yake mwenyewe, anakungoja upite. Hilo Mzee alinifundisha akiwa ameketi na kikombe cha chai mkononi, na nililikariri kama shairi. Pale lilinijia kwa njia ya pua. Harufu ya zizi. Haikutoka mbele. Ilitoka kulia, karibu sana, na pamoja nayo sauti ya nzi.

Sikuona mnyama. Niliona pua yenye maji, na juu yake jicho.

Nikalala.

Maji yaliniingia mdomoni, na mlio ukanipasua upande wa kushoto wa kichwa, kisha wa pili. Kitu kizito kama ukuta kikaanguka, wimbi likaniinua na kunishusha. Nilipotoa uso majini, pembe yake ilikuwa imelala juu ya mguu wa suruali yangu, imeubana kwenye tope. Mzee alikuwa amesimama pale pale, hakurudi nyuma hata hatua. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sikumsikia. Sikio lile halijanirudia mpaka leo, ndiyo maana mnaponisalimia mkae upande wa kulia.

Wanawake walishuka mmoja mmoja, mwenye mtoto kwanza. Mama Zuhura alishuka mwisho, akautazama mguu wa dungu uliopasuka, kisha akaja mpaka kwa mnyama, kisha akatugeukia.

"Risasi ya kwanza ilikuwaje? Nasikia wewe, Mzee, hukosi."

Mzee Mgaza alikuwa anafuta bunduki kwa kitambaa, taratibu, kama hakusikia. Hakunitetea wala hakunishtaki. Aliniachia nafasi, na nafasi ile ilikuwa pana kama Tindiga yote.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nilifunga darubini kwa mpira."

"Mpira gani?"

"Wa baiskeli."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye tope la miguu. "Kwa hiyo sisi watano, na mtoto, tulikuwa tumening'inia kwenye pancha."

Mwingine angecheka. Hakuna aliyecheka. Asha alikaa chini pale pale akaanza kulia, sasa, baada ya kila kitu.

Habari zilifika Kilosa kabla yetu. Niliitwa Pancha mpaka jina langu likasahaulika. Nililistahili. Msimu ule Mzee hakuniruhusu kugusa bunduki. Nilibeba maji, nilichuna ngozi, nilifuata nyayo mbele yake, na jioni alinipa chai kama kawaida. Mara nyingi nilitaka kufungasha niondoke, maana kuondoka ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Sijui kwa nini sikuondoka. Nadhani nilitaka kujua ingeishaje.

Kwa hiyo, kijana mwenye simu, ukiniuliza darubini ipi, nitakuuliza kwanza unakwenda kuwinda nini na wapi. Kama ni swala kwenye mbuga wazi, chukua inayovuta kiasi, mara sita, mara tisa, na mwanga mzuri asubuhi. Kama ni nyati, au chochote kwenye matete, chukua isiyovuta, au inayoshuka mpaka chini kabisa, na uiache huko chini. Kope za mnyama aliye hatua kumi hazina msaada, utaona manyoya tu. Hakikisha inatoka upesi, na kijino cha kulengea kibaki mahali pake kwenye mtutu. Pete zake ziwe saizi yake, chuma kwa chuma. Na kama umelazimisha kitu, popote, hata kidogo, mwambie atakayeishika bunduki kabla hajaibeba, si baada.

Msimu uliofuata, siku moja baada ya sala ya alfajiri, Mzee alinijia na bunduki yake, akailaza mbele yangu mezani. Nikaleta ile darubini fupi, nikasafisha pete, nikaifunga, nikakaza skrubu moja moja kwa zamu, nikaipima kwa kidole, nikaipima tena. Alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipomaliza nikamsogezea.

Hakuigusa. Akauliza, "Ningetangulia mimi kwenye matete, wewe ukabaki nyuma na bunduki hii kama ulivyoifunga, ungepiga juu ya bega langu?"

Nikaivuta tena bunduki kwangu, nikachukua bisibisi, nikaanza kuifungua ile darubini niifunge upya.